Kuliko Nani, na Katika Lipi?

Miongoni mwa milango ya sarufi ya Kiingereza ambayo wanafunzi wetu huipita mbio, wakidhani kuwa ndani yake hamna ila miisho ya maneno ya kukariri, umo mlango wa ulinganishi, ufundishao namna ya kusema kwamba kitu hiki ni kirefu kuliko kile, kwamba mtu huyu ni mwema kupita wenziwe wote, kwamba joto la leo halifiki la jana. Mwanafunzi hujua kwamba sifa fupi huongezwa "er" na "est", na sifa ndefu hutanguliziwa "more" na "most". Hujua kwamba "good" huacha umbo lake ikawa "better", kisha ikawa "best". Hufaulu mtihani wake, akaona kwamba mlango ameumaliza. Walakini maswali ambayo watu wazima huendelea kuulizana baada ya kuacha madarasa, na ambayo waalimu wenyewe hukhitilafiana katika kuyajibu, hayahusu miisho hata kidogo. Huulizana kama inafaa kusema "than I" au "than me". Kama kitu kilicho kamili kinaweza kuzidiwa ukamilifu. Kama mlima waweza kuambiwa kuwa ni mrefu kuliko mlima wowote ilhali na wenyewe ni mlima. Mimi naona ya kwamba maswali haya, ambayo kwa dhahiri yake ni ya kalamu na wino, kwa batini yake ni maswali ya insafu, kwa kuwa kila ulinganishi ni hukumu baina ya wawili, na hukumu haisihi mpaka mwenye kuhukumu ajue ni nani walio mbele yake, wanahitilafiana katika lipi, na ni kipimo gani atakachowapimia. Na baadhi ya maswali hayo, yakifuatwa hadi mwisho wake, humfikisha mtu mbele ya utukufu wa Mwenyezi Mungu, ambako sarufi hukoma.

Tuanze na asili ya jambo. Plato, katika kitabu chake cha Phaedo, kisimuliacho siku ya mwisho ya Socrates katika gereza la Athens, alileta mfano mdogo ambao wanafalsafa hawajauacha mpaka leo: Simmias ni mrefu kuliko Socrates, na mfupi kuliko Phaedo. Basi mtu mmoja huyo, bila ya kurefuka wala kufupika, awezaje kuchukua sifa mbili zipinganazo kwa wakati mmoja? Jawabu lililotolewa pale ni kwamba Simmias hamzidi Socrates kwa sababu yeye ni Simmias, bali kwa sababu ya urefu alio nao ukikabiliana na ufupi wa Socrates. Na sisi, hata tusipomfuata Plato katika yote aliyoyajenga juu ya msingi huo, twaweza kuchukua hapo jambo moja lisilo shaka, nalo ni kwamba kuzidi hakukai ndani ya mtu mmoja. Hukaa baina ya wawili, na mmoja wao akiondolewa, neno lililobaki limepungukiwa na maana. Ndiyo sababu waalimu wa Kiingereza humkataza mwanafunzi kutumia daraja ya kuzidi pasipo kumtaja anayezidiwa, isipokuwa mazungumzo yenyewe yamekwisha kumtaja. Na ndiyo sababu, vilevile, wauza sabuni na dawa za meno hulipenda kosa hilo kuliko makosa mengine yote, kwani anayetangaza kwamba sabuni yake hung'arisha zaidi, kisha akanyamaza, hakusema uongo wala hakusema kweli, na mnunuzi ndiye anayelijaza pengo kwa fedha zake.

Katika Uingereza, mtu aliyeyatia mambo haya katika kanuni zilizosomwa na wengi alikuwa mtu wa dini. Robert Lowth, kasisi wa Kanisa la Kiingereza ambaye mwaka 1777 alifanywa Askofu wa London, alitoa kitabu chake kifupi cha sarufi mwaka 1762 bila ya kutia jina lake, naye alikuwa amekwisha kujulikana kwa mihadhara yake juu ya ushairi wa Kiebrania. Aliyewafundisha Waingereza kulinganisha katika lugha yao alikuwa, basi, ametumia miaka mingi katika lugha ambayo sifa zake hazina daraja za umbo kabisa, kwani Mwebrania hukiita kitu kikubwa "kutoka" kwa kingine, akamaliza. Kuhusu "than I" na "than me", Lowth alieleza kwamba kiwakilishi kijacho baada ya "than" hufuata kitendo ambacho msemaji amekiacha moyoni mwake: ukikusudia kwamba fulani ana hekima kuliko nilivyo mimi, sema "than I", ukikusudia kwamba fulani anakupenda wewe kuliko anavyonipenda mimi, sema "than me". Wako waliokuja kumpinga, wakasema kwamba Waingereza wengi, na wasomi miongoni mwao, husema "than me" mahali pote pawili na hakuna anayepotea. Na katika mazungumzo ya kila siku nawapa haki. Lakini sisi tusemao Kiswahili tuna sababu yetu ya kumsikiliza Lowth, nayo ni kwamba lugha yetu haina chombo hicho. Mtu akisema, "Bibi anampenda Juma kuliko Ali," msikilizaji hawezi kujua kama Ali ni mjukuu aliyepungukiwa na mapenzi ya bibi, au ni mtu mwingine ambaye mapenzi yake kwa Juma hayafiki ya bibi. Na maneno hayo yakiwa katika wosia, au katika ushahidi mbele ya kadhi, upungufu huo waweza kuwatoa watu katika haki zao. Msemaji mwadilifu huongeza kitendo alichokiacha, akasema "kuliko anavyompenda Ali", au "kuliko Ali ampendavyo", na maneno yake yakawa na maana moja.

Katika mlango huu iko kanuni moja ambayo naipenda kupita nyingine zote, nayo yahusu kuingia na kutoka. Daraja ya kuzidi humtoa anayesifiwa katika kundi. Daraja ya upeo humwingiza. Asemaye kwa Kiingereza kwamba Kilimanjaro ni mrefu kuliko mlima wowote wa Afrika ameudai mlima huo ujizidi wenyewe, maana na wenyewe ni mlima wa Afrika, na hakuna kitu kiwezacho kujizidi. Hana budi kutia neno "other", yaani mwingine, ndipo mlima wa mita 5,895 usimame upande mmoja, na Mlima Kenya wenye mita 5,199 usimame upande wa pili pamoja na milima mingine yote. Lakini akitumia daraja ya upeo, akasema kwamba Kilimanjaro ndio mrefu wa milima yote ya Afrika, neno "other" halina tena mahali, kwa sababu aliye wa kwanza katika safu hana budi kuwamo katika safu. John Milton aliivunja kanuni hiyo katika Paradise Lost, utenzi uliotolewa mwaka 1667, alipomfanya Adamu kuwa mzuri wa wanaume wote waliozaliwa kwake, na Hawa kuwa mzuri wa binti zake. Ikawa baba amehesabiwa miongoni mwa wana aliowazaa, na mama miongoni mwa mabinti zake mwenyewe. Wanasarufi wamemshtaki kwa hilo muda mrefu. Mimi simshtaki, kwa kuwa huo ni mtindo wa Kiyunani alioutumia kwa kujua, na msomaji hapotezi maana. Na katika utenzi huohuo, akisimulia baraza la mashetani, aliitii kanuni vizuri sana, pale alipomwelezea Beelzebub kuwa hakuna aliyeketi juu yake, akakumbuka kumtoa Shetani katika hesabu. Lowth mwenyewe aliuchukua mfano huo wa mashetani kueleza jambo jingine la sarufi, na nadhani hakuna kasisi mwingine aliyenufaika na Beelzebub kwa njia ya halali kama hiyo.

Kuhusu wawili wanaoshindana, kama aliye mbele aitwe "better" au "best", sina mengi ya kusema: kitabu kinataka la kwanza, wenyeji wengi husema la pili, na haki ya mtu haipotei kwa lolote katika hayo. Kadhalika "fewer" na "less". Robert Baker alipoandika mwaka 1770 kwamba kwa vitu vihesabiwavyo yeye aona "fewer" inafaa zaidi, alisema aonavyo yeye, na waliokuja baadaye ndio walioigeuza rai ya mtu mmoja kuwa sheria ya kuwaadhibia watoto. Hitilafu baina ya vihesabiwavyo na vipimwavyo ni ya kweli, na Aristotle aliieleza zamani alipotenga wingi wa hesabu na wingi wa mstari usiokatika. Lakini ukweli wa hitilafu haulazimishi kila lugha kuionyesha kwa maneno mawili.

Liko kosa jingine ambalo halina msamaha katika lugha yoyote, la kulinganisha vitu visivyokabiliana. Mwanafunzi huandika kwamba hali ya hewa ya Mombasa ina joto kuliko Nairobi, akawa ameiweka hali ya hewa upande mmoja na mji mzima upande wa pili, na mwalimu humrudishia daftari: "kuliko ya Nairobi". Ni silabi moja tu iliyokosekana, lakini ndani yake imo taksiri ileile ambayo mafakihi waliitungia elimu nzima. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani hii, aliweka mipaka ya kiasi cha kisheria katika kitabu chake cha Risala, na waliokuja baada yake wakazipanga nguzo zake kuwa nne, yaani asili, tawi, hukumu ya asili, na sababu inayoliunganisha tawi na asili yake. Mvinyo wa zabibu umeharimishwa. Kinywaji kingine hakikutajwa kwa jina. Lakini sababu, ambayo ni kulevya, ikipatikana katika cha pili, hukumu ya cha kwanza hukifuata. Sababu ikikosekana, kufanana kwa rangi, kwa harufu au kwa chupa hakufai kitu. Mwalimu wa Kiingereza anayedai ile silabi moja, na fakihi anayedai sababu, wote wawili wanauliza jambo moja: hivi viwili vinakutana katika lipi?

Sasa tuje kwenye swali ambalo kwa hakika ndilo lililonifanya niandike, la vitu ambavyo havina zaidi wala pungufu. Aristotle, katika kitabu ambacho Waarabu walikifasiri wakakiita Maqulat, alisema kwamba dhati ya kitu haipokei zaidi wala pungufu: mtu mmoja si mtu zaidi kuliko mtu mwingine, wala haongezeki utu wake asubuhi ukapungua jioni, ilhali sifa, kama weupe na joto, hupokea, kwani nguo hii yaweza kuwa nyeupe kuliko ile. Tena aliongeza kwamba si sifa zote zipokeazo, maana umbo la duara ama limekuwa duara ama halikuwa, na hapana duara iliyo duara kuliko duara nyingine. Wanasarufi wa Kiingereza waliposema kwamba "perfect", yaani kamilifu, na "unique", yaani cha pekee, hayatiwi "more" mbele yake, walikuwa wakifuata njia hiyo, wajue wasijue. Lakini wapinzani wao wana hoja yenye nguvu mkononi, nayo ni dibaji ya Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, ambayo yataja kwamba makusudio ya watu wake ni kuunda muungano ulio kamili zaidi. Na waliotunga maneno hayo hawakuwa wajinga wa lugha yao.

Rai yangu ni kwamba maneno mawili hayo hayastahili hukumu moja. Ukamilifu ni mwisho wa njia, na wanaoiendea njia hiyo hawako mahali pamoja. Asemaye "kamili zaidi" hapimi ukamilifu, bali hupima ukaribu wa huyu na wa yule kwenye ukamilifu ambao pengine hapana aliyeufikia. Mtakatifu Thomas wa Aquino, katika njia ya nne kati ya zile tano alizozitoa kuthibitisha kuwako kwa Mungu, alijenga hoja yake yote juu ya jambo hilo: twasema zaidi na pungufu juu ya wema na ukweli kwa kadiri vitu vinavyokaribia kilicho upeo wa wema na ukweli, kwa hiyo kila "zaidi" isemwayo yashuhudia upeo. Mtu aweza kuikataa hoja hiyo ya Mungu, na wengi wameikataa, lakini kama maelezo ya jinsi watu wasemavyo ni maelezo ya sawasawa, na yanatosha kuwaachia Wamarekani muungano wao. Ama "unique", hali ni nyingine. Baina ya kuwa kimoja na kuwa viwili hapana njia ya kutembea, na kitu chenye wa pili wake hakikukaribia kuwa cha pekee. Anayesema "more unique" hana udhuru, ila kama amekwisha kuliacha neno lipoteze maana yake likawa sawa na "ajabu".

Na hapa ndipo sarufi inapomgusa mwanadamu. Maadamu hapana mtu aliye mtu zaidi kuliko mwingine, basi kila ulinganishi wa watu ni wa sifa zao, na sifa haina budi kutajwa: huyu amzidi yule kwa mali, kwa elimu, kwa mbio, kwa sauti, kwa subira. Dhuluma huingia pale sifa inapofichwa na neno "bora" likabaki peke yake, kwa kuwa hapo msikilizaji huacha kusikia "bora katika mali" akasikia "bora katika utu", jambo ambalo Aristotle alikwisha kuonyesha kuwa haliwezekani kusemwa kwa maana. Tumeyaona mataifa yakipangwa kwa safu namna hiyo, na lugha pia. Hata lugha yetu imeambiwa kuwa ni fukara kwa sababu sifa zake hazigeuki mwisho kulingana na daraja, kana kwamba anayetumia vitenzi, akasema kwamba hiki chashinda, chapita, chazidi, amepima kwa uhafifu kuliko anayetia silabi mwishoni mwa neno. Ilhali Kiingereza chenyewe kimeacha silabi hizo katika maneno yake marefu, na Kifaransa kimeziacha karibu zote, wala hapana aliyekiita Kifaransa lugha ya mafukara. Kama kuna aliye na haja ya daraja iliyokwisha kutengenezwa, tunayo "afadhali", tuliyoipokea kwa Waarabu ikiwa tayari imepandishwa daraja, na kazi yake yaonekana katika methali zetu tangu hapo.

Lakini ningekuwa nawadanganya wasomaji wangu kama ningesema kwamba atakayezishika kanuni hizi zote ameepukana na kukosea. Kurani yasimulia katika sura ya Al-Aaraf kwamba Iblisi, alipoulizwa kilichomzuia asimsujudie Adamu, alijibu kwamba yeye ni bora kuliko huyo, maana yeye ameumbwa kwa moto na huyo kwa udongo. Mwanasarufi hana la kusahihisha hapo. Anayezidi ametajwa, anayezidiwa ametajwa, kilichowekwa upande huu kinakabiliana na kilichowekwa upande ule, asili kwa asili, na sababu imetolewa bayana. Lowth angalimpa alama zote. Imepokewa kwa Ibn Sirin kwamba wa kwanza kutumia kiasi alikuwa Iblisi, na wale wakikataao kiasi huyashika sana maneno hayo, ila wakikubalio hujibu kwamba kiasi chake kilikuwa batili kwa sababu alikileta mbele ya amri iliyo wazi, na kiasi hakina kauli mahali palipo na amri. Mimi naongeza kwamba alikosea hata kabla ya hapo, kwani jambo lililokuwa likiulizwa lilikuwa utii, naye akajibu kwa moto na udongo. Sababu aliyoitaja ilikuwa sababu ya jambo jingine. Farisayo wa Injili ya Luka naye hakuwa mbali na darasa hilo: aliposimama hekaluni akishukuru kwamba yeye si kama watu wengine, neno "wengine" alilitia mahali pake barabara kama wanasarufi watakavyo, asijihesabu katika kundi alilolikashifu, na sala yake haikumfaa kitu.

Je, dini basi yakataza ulinganishi? Hasha. Kurani yasema waziwazi katika sura ya Al-Baqara kwamba Mitume wamefadhilishwa baadhi yao juu ya baadhi, na sura hiyohiyo yasema kwamba waumini hawatofautishi baina ya yeyote katika Mitume hao. Na wafasiri hawakuona mgongano, kwa sababu fadhila ni katika daraja na vipawa, na kutotofautisha ni katika kuaminiwa. Huko ni kutaja "katika lipi" kwa namna iliyo bora. Kisha ikaja hadithi iliyomo katika Bukhari, ambayo ndani yake Mtume alikataza mtu kusema kwamba yeye ni bora kuliko Yunus mwana wa Matta. Kwa nini Yunus? Wanachuoni wengi wameeleza kwamba ni kwa sababu ya kisa chake cha kuondoka kwa watu wake na kumezwa na nyangumi, ambacho msikilizaji mwepesi angeweza kukifanya kuwa sababu ya kumdharau Nabii. Yaani pako mahali ambapo ulinganishi waweza kuwa wa kweli, na umetimia kwa kila kanuni, na bado haufai kutamkwa, kwa kuwa atakayeusikia atachukua kudharauliwa kwa anayezidiwa, ambako msemaji hakukukusudia. Sarufi haina kanuni ya jambo hili, na sidhani kwamba yaweza kuwa nayo.

Limebaki swali kubwa. Kama daraja ya upeo humwingiza anayesifiwa katika safu, tutasemaje juu ya Mwenyezi Mungu, ambaye haimo safu aliyomo? Na kama daraja ya kuzidi yataka wawili wakutane katika kipimo kimoja, tutakitoa wapi kipimo cha kumkutanisha Muumba na alichokiumba? Lowth alilikabili jambo hili alipokuwa akiwakemea watu waliotumia "most" pamoja na "est" katika neno moja, kosa ambalo katika zama za Shakespeare lilikuwa la kawaida na limebaki hata katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611. Aliwakemea wote, kisha akaiacha Zaburi. Katika tafsiri kongwe ya Zaburi iliyosomwa makanisani kwao, Mungu ameitwa Aliye Juu kwa upeo uliokaririwa mara mbili, na Lowth akasema kwamba hapo kosa limepata uhalali wake kutokana na anayesifiwa, kwa kuwa Yeye yuko juu ya walio juu kabisa. Nampenda kasisi huyu kwa mahali hapo kuliko penginepo pote katika kitabu chake.

Karibu miaka 700 kabla yake, Anselm, mtawa wa monasteri ya Bec huko Normandy ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliandika baina ya mwaka 1077 na 1078 kitabu cha Proslogion, na ndani yake akamtaja Mungu kuwa ni ambaye hakuwezi kufikiriwa kilicho kikubwa kumzidi. Wengi waliokisoma kwa haraka walidhani kwamba amesema tu kuwa Mungu ni mkubwa wa wote, na Gaunilo, mtawa mwenziwe, aliyemjibu kwa mfano mashuhuri wa kisiwa kilicho bora kupita vingine, aliyachukua maneno kwa njia hiyo. Anselm alimrudishia kwamba kauli mbili hizo si moja: "kikubwa kuliko vyote" ni jambo moja, na "ambacho hakuwezi kufikiriwa kikubwa zaidi" ni jambo la pili. Sihukumu hapa kama hoja yake yathibitisha alichotaka kukithibitisha. Lakini katika sarufi alikuwa mshindi. Mkubwa wa wote amehesabiwa pamoja na wote, na kesho yaweza kufikirika mwingine wa kumpita. Lakini Anselm alilichukua neno la kuzidi, akalikanusha, na kwa ukanusho huo akaifunga safu nzima bila ya kumtia Mungu ndani yake.

Waarabu walilifikia jambo hili kwa njia fupi zaidi. Neno "akbar" liko katika umbo la kuzidi, na umbo hilo, likiwa halikutiwa "al" wala halikuungwa na jina lifuatalo, desturi yake ni kutaka "min" baada yake, yaani kuliko fulani. Katika takbira, yaani "Allahu akbar", "min" haimo. Wananahau walikhitilafiana: wako waliosema kwamba maana yake ni "mkubwa" tu, wako waliokadiria maneno yaliyoachwa, wakasema "kuliko kila kitu", na wako waliosema kwamba Yeye ni mkubwa kuliko kiumbe kuweza kuujua ukubwa wake. Mimi naielekea kauli ya tatu, kwa kuwa ya kwanza yaliondoa umbo la kuzidi ambalo hakika lipo, na ya pili yajaza mahali palipoachwa wazi kwa vitu ambavyo, vingekusanywa vyote, visingefaa kusimama upande wa pili. Najua nitakayoambiwa: kwamba Kurani hiyohiyo yamwita Mungu Mbora wa waumbaji, na Mwenye kurehemu kupita wote wenye kurehemu, na hizo ni daraja za upeo zilizomtia katika kundi. Ni kweli. Wafasiri wengi wameeleza kwamba neno lililofasiriwa "waumbaji" lachukua pia maana ya watengenezao na wakadiriao, kazi ambayo viumbe nao hupewa sehemu yake; na rehema nayo wanadamu wanayo, ya kupewa. Palipo na sehemu, pana kundi, na upeo hutajwa. Katika takbira hapakutajwa sehemu yoyote, wala kundi halikutajwa.

Waalimu wenzangu mnaoufundisha mlango huu katika skuli zetu, nawaomba jambo dogo. Mnapoandika ubaoni daraja tatu za sifa, waachieni watoto walinganishe milima, mito, jahazi, miembe na siku za kaskazi na kusi, kwani vitu hivyo haviumizwi na kuzidiwa. Msiwasimamishe wao wenyewe mbele ya darasa wawe mifano, huyu mwerevu, huyu mjinga, huyu mweupe, huyu mweusi. Na mtoto akiandika katika daftari lake kwamba fulani ni bora kuliko fulani, msimpe alama mpaka aeleze katika lipi.